Shati Lililokwenda Kanisani

Solange alinipigia simu nikiwa kazini, nyuma ya kaunta ya famasi, akasema, "Dada Zuhura, Mama ametuacha." Nilivua koti langu jeupe, nikamwachia msaidizi funguo, nikaenda. Siku zote za msiba nilikaa na wanawake wa kanisa lao pale Umbilo, Mwislamu mmoja katikati ya Wakristo wa Kongo, na hakuna aliyeniuliza ninafanya nini pale, maana wote wananijua kuwa mtoto wa Mama Béa. Baada ya mazishi, tukiwa jikoni kwenye ukumbi tunaosha masufuria, Solange alinigeukia mbele ya binti zake wawili. "Uwaambie hawa," alisema. "Hawanisadiki. Uwaambie kama ni kweli ule Bibi Mujerumani alimuweka Papa ndani ya kitabu." Nikasema ni kweli. Wasichana wakataka kujua aliwekwaje, na kwa nini, na kama bibi yao alikasirika. Nikaanza kueleza, lakini watu waliendelea kuleta sahani, mchungaji akaja kuaga, na hadithi ikakatika. Nimeiandika hapa yote, kwa ajili yao wawili na kwa ajili yangu pia. Nimeishi Durban zaidi ya nusu ya umri wangu, nimeolewa hapa, nimezaa hapa, lakini mtu akiniuliza nilifika lini, jibu la kweli ni mwaka ule niliokaa ghorofa ya tatu, katikati ya wanawake wawili waliokuwa wakisikilizana kupitia ukutani.

Habari za kwetu Tanga nitaziruka. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea famasi, na binamu yangu niliyekuwa nikishirikiana naye chumba alikuwa ameolewa akahamia Johannesburg. Nikawa natafuta pa kulala. Kwenye duka la Mhindi mmoja katika barabara ya Umbilo palikuwa na ubao wa matangazo: vitanda vya kuuza, paka waliopotea, vyumba vya kupanga. Kati yake palikuwa na kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda, Kiingereza juu na Kiswahili chini. Ile sehemu ya Kiswahili ilisema: *Anatakiwa mtu ajuaye kusoma kwa sauti na asiyemhurumia mzee. Chumba ni bure. Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani.* Nilisoma mara mbili. Katika mji ule nilikuwa nimesikia Kiswahili kwenye saluni na kwenye vibanda vya simu, lakini sikuwahi kukiona kimebandikwa ukutani, tena cha kwetu kabisa. Nikapanda ngazi siku ile ile.

"Hodi," nikasema.

"Ingia upesi ufunge mlango," sauti ilijibu, "usije ukaniingizia tumbili."

Nikaingia. Nilikuta mwanamke wa Kizungu, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mvulana, amevaa shati la kiume na kaptula ya khaki. Nikamwamkia shikamoo huku nikitafuta kwa macho nani alikuwa amenijibu. "Marahaba," akasema yule yule. "Wa wapi?" Nikamwambia wa Tanga. "Tanga ipi?" Nikamwambia Ngamiani. "Mimi wa Lushoto," akasema, na akaniuliza kama bado watu wa Tanga wanajiona wao ndio wenye Kiswahili na wengine wote wanabahatisha. Huyo ndiye Bibi Irmgard. Baba yake alikuwa daktari huko Usambara kabla ya vita kuu ya pili, na yeye alikulia kule mpaka karibu na umri wa kuvunja ungo, kisha wakarudishwa Ujerumani. Alipozeeka alimfuata mumewe, fundi wa mitambo ya bandari, mpaka Durban, na mume alipokufa yeye akabaki na ile fleti, vitabu vyake na ukungu uliokuwa ukila vile vitabu kila masika. Wakati anaongea nami nilidhani ananidharau, kwa sababu alikuwa akilitazama sikio langu. Baadaye nilielewa. Katikati ya macho yake palikuwa pameingia giza. Aliona kingo tu. Ili akuone uso, ilimbidi atazame pembeni yako.

Kazi yangu ilikuwa kumsomea magazeti asubuhi kabla ya kwenda chuoni, na jioni kumsomea chochote alichotaka, kwa Kiingereza au Kiswahili. Yeye alikuwa mwandishi wa riwaya. Kijerumani sikukijua, kwa hiyo kurasa zake mwenyewe sikuweza kumsomea. Alikuwa akizungumza peke yake kwenye kinasa sauti cha kaseti, na kaseti zilipojaa zilitumwa kwa mwanamke mmoja huko kwao aliyezipiga taipu. Lakini kila alipomaliza kipande, aliniita jikoni akanisimulia chote kwa Kiswahili, huku akikoroga supu yake ya dengu yenye siki, ili asikie kama nitacheka. Nisipocheka alirudi kwenye kinasa sauti akafuta. Nikicheka kwa adabu alijua pia, akanikemea. "Usinipe cheko la sadaka," alikuwa akisema. Nilijifunza kula ile supu. Mkate wake mweusi, mgumu wa kugongea misumari, sikuuzoea mpaka leo.

Vitabu vyake vyote vilikuwa vya kuwacheka watu. Kimoja kilihusu chama cha wafuga sungura kilichogawanyika pande mbili kwa sababu ya rangi ya kadi ya uanachama, mpaka ndugu wakaacha kuzikana. Lakini kilichompa jina kilikuwa cha kwanza, alichokiandika baada ya vita, akiwa bado mwanamke kijana. Alinisimulia chote kwa jioni kadhaa. Mji mdogo kando ya mto hauna kitu cha kuwaonyesha wageni. Halmashauri inaamua kusimamisha sanamu ya shujaa. Tatizo ni kwamba mji haujawahi kuwa na shujaa. Ulipofika wakati wa kuwa shujaa, wenyeji wote walifunga madirisha. Basi wanamtunga. Wanampa jina, wanampa siku ya kufa, na kabla saruji haijakauka kila mtu ameshaanza kumkumbuka. Mwokaji anakumbuka shujaa alipenda mkate gani. Kasisi anakumbuka alivyolia siku ya kubatizwa. Daktari anakumbuka surua yake. Na msichana mmoja mzee, mpiga kinanda wa kanisani, anasimama katika mkutano na kutangaza kwamba shujaa yule alikuwa mchumba wake. Hapo, Bibi alisema, Ujerumani nzima ilianguka kwa kicheko. Kitabu kikauzwa kila mahali, isipokuwa katika mji wake mwenyewe, ambako wenye maduka walimgeuzia mgongo alipoingia. Akahama.

"Hukuwaonea huruma?" nilimuuliza.

"Walistahili. Walikuwa na mambo ya kukumbuka, wakachagua kukumbuka ya uongo."

"Wote?"

Akakoroga sufuria. "Wote isipokuwa mmoja," akasema. "Hebu nisomee habari za mafuriko."

Upande wa pili wa ukuta wa jikoni aliishi Mama Béa na binti yake Solange, aliyekuwa sekondari wakati ule. Mama Béa alisuka nywele kwenye saluni moja kule South Beach na siku za mapumziko aliuza vitenge. Alikuwa mnene, mwenye sauti nzito, na alikuwa akisali alfajiri kwa sauti ile ile aliyotumia kumwita mteja ng'ambo ya barabara. Ukuta ulikuwa mwembamba. Tuliposikia "Baba Mungu," Bibi alikuwa akiweka kikombe chini na kunyoosha kidole nisipumue. "Baba Mungu, leo tunaenda kwa ofisi ya makaratasi. Usipite kwa mulango ya mbele, pale iko mulinzi mubaya. Zunguka nyuma. Ule mama wa wigi nyekundu, umuguse roho, lakini umuguse mapema, juu kiisha pale anaendaka kunywa chai na harudi." Bibi alikuwa akijiziba mdomo kwa taulo la vyombo, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka katika yale macho yasiyoona. Sijui kama nimewahi kuona mtu anayempenda jirani yake kwa namna ile, kwa kumcheka. Na Mama Béa naye alimpenda. Kila Jumapili alibisha mlango na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, limefunikwa kwa sahani, akasema, "Bibi, kula, weye unakufa na hii dengu yako," na Bibi alikula kwanza sombe, kisha akamkosoa Kiswahili. "Si *iko mlinzi*, jirani. Sema *yupo mlinzi*." Mama Béa alikuwa akijibu, "Yupo, iko, mulinzi ni ule ule."

Kila Jumamosi Mama Béa alinyoosha shati jeupe la kiume. Alifungua mlango ili joto la pasi litoke, na sisi sote tuliopita koridoni tuliliona likiwa mezani, kola imesimama. Lilikuwa la mumewe, Papa Déo. Walipotezana njiani wakati wa kukimbia vita kule Uvira; yeye aliondoka na mtoto na mzigo mmoja, na ndani ya mzigo palikuwa na lile shati. Ukimuuliza habari za mumewe alisema, "Iko njiani. Mwezi ujao." Alikuwa amesema hivyo tangu Solange akiwa mdogo. Hakuna mtu ghorofa ile aliyemkatalia. Tulisema, "Inshallah," au, "Amina," kila mtu kwa dini yake, tukapita.

Kitabu alichokuwa akikiandika Bibi mwaka ule kilihusu jengo letu. Alikuwa amemweka mwenye nyumba, ambaye katika kitabu alipaka rangi upande wa barabarani tu, akadai kodi mpya kwa watu wa nyuma kwa sababu sasa wanaishi nyuma ya jengo zuri. Alikuwa ameniweka na mimi, mwanafunzi anayetengeneza dawa ya kumfanya mama yake aache kupiga simu. Nilicheka. Kisha siku moja aliniita jikoni na kunisimulia sura ya shati. Katika kitabu, mke anamngojea mume asiyekuja, na wapangaji wanachoka kungoja, wanaamua kulitumia shati. Jumapili wanalipeleka kanisani, wanalikalisha kwenye kiti. Shati linapendwa. Halichelewi, haliazimi kitu kwa mtu, halisinzii wakati wa mahubiri. Linachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Linaongoza kamati ya ujenzi. Wake wengine wanaanza kuwauliza waume zao kwa nini hawawezi kuwa kama lile shati. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilipomaliza kucheka nilisikia pasi ikiwekwa juu ya meza upande wa pili wa ukuta, nikashusha sauti.

"Bibi," nikasema, "hiki kitabu hatakiona. Kitatoka kwa Kijerumani."

"Nitamsomea mwenyewe," akasema. "Ijumaa. Mwalike."

"Usimsomee, Bibi. Tafadhali."

"Niliwahi kuandika juu ya mtu bila kumsomea kwanza. Sirudii."

Nilijaribu tena siku iliyofuata, na nyingine, lakini alikuwa ameshika neno lake. Leo, nikiwa na umri unaokaribia hamsini, naelewa kwamba alikuwa anajaribu kutengeneza jambo moja kwa kulifanya tena kwa utaratibu tofauti. Wakati ule niliona ukaidi tu. Mama Béa alikuja Ijumaa na kitenge kipya, akaleta makayabu, wale samaki wa chumvi, na fufu, ugali wa kwao, kwa sababu hakuamini tungemlisha. Solange alibaki nyumbani na masomo yake. Tulikula madirisha yakiwa wazi, taksi zinapiga honi chini, na Bibi akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri kuliko alivyonisimulia mimi. Mama Béa alicheka sana kwenye habari za mwenye nyumba, alipiga meza, akasema, "Eish, njo yeye! Njo yeye kabisa!" Kisha likaja shati. Mwanzoni alitabasamu, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Shati lilipopewa kiti kanisani, tabasamu likakaa tu usoni, halikusogea. Lilipochaguliwa mzee wa kanisa, aliweka kijiko chini. Bibi hakuona, alikuwa akilitazama dirisha, kama alivyokuwa akifanya alipotaka kumwona mtu aliyekaa mbele yake. Alisimulia mpaka mwisho.

"Na kwa mwisho?" Mama Béa akauliza. "Anakuja?"

"Nani?"

"Bwana yangu. Kwa mwisho ya kitabu."

"Kitabu hakijaisha," Bibi akasema.

"Basi umulete," Mama Béa akasema. "Kama weye ndiye unaandika, na unaweza kufanya shati itembee, basi umulete." Akafunika bakuli lake, akaniaga mimi, akatoka.

Jumapili ile hapakuwa na sombe. Alfajiri hatukusikia sala. Nafikiri alikuwa amehamia chumba cha nyuma, au alisali kimoyomoyo. Tukikutana kwenye ngazi alinisalimu mimi kwa jina, akampita Bibi kama anavyopitwa mtu aliyelala. Bibi alizungumza na kinasa sauti chake, akafuta, akazungumza, akafuta. Hakuwa akila. Jioni moja nilimkuta ameketi sebuleni bila kuwasha taa, ambayo kwake haikuwa na maana sana, lakini mimi niligonga goti kwenye meza. Ndipo aliponieleza habari za Gerda. Yule mpiga kinanda katika kitabu cha kwanza, yule msichana mzee mwenye mchumba wa kutungwa, alikuwa dada yake mkubwa, aliyeachwa Ujerumani kusoma wakati wengine wako Lushoto. Gerda alikuwa na mchumba kweli, jina lake Walter, aliyekwenda vitani na hakurudi, na hakuna aliyejua alikofia. Gerda alimngoja. Bibi akaona jambo lile linafaa. Kitabu kilipotoka, watoto wa shule walimwimbia Gerda barabarani. Tangu siku ile hawakuwa wamesemezana. Ilikuwa inakaribia miaka hamsini.

"Nipigie simu," akasema. Nikauinua mkono wa simu nikamuuliza namba. Aliitaja bila kusita, namba ndefu ya Ujerumani ambayo alikuwa anaijua kwa moyo na hakuwahi kuipiga. Mazungumzo hayakuchukua muda. Nilisikia Bibi akitaja macho yake, maana alijigusa kope, kisha akasikiliza, akasema neno moja, akaniashiria nikate.

"Amesemaje?"

"Ameuliza kama huku kuna joto." Akavuta pumzi. "Anakuja."

Gerda alifika wakati wa baridi ya Durban, ambayo kwa Wajerumani si baridi. Alikuwa mfupi, amevaa viatu vizito vya kupandia mlima, na kwenye uwanja wa ndege wale ndugu wawili walipeana mikono kama watu wanaokabidhiana gari. Nilimpisha chumba changu, nikalala kwenye kochi. Walikula pamoja, wakaosha vyombo pamoja, na kwa siku nyingi za mwanzo sikusikia wakisemezana ila habari za chumvi na taulo. Bibi alikonda zaidi. Mimi nilianza kuuliza chuoni habari za vyumba, kwa sababu niliona wazi kwamba lolote litakalotokea, hili haliwezi kuendelea.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa nguo za kufua. Gerda alipanda juu ya paa kuanika, akamkuta Mama Béa akikimbizana na tumbili aliyechukua soksi ya Solange. Gerda alikuwa amefundisha Kifaransa shuleni maisha yake yote, pamoja na kile kinanda. Walishuka pamoja, wakaingia kwa Mama Béa, na mchana ule ukuta ulianza tena kuongea. Tulisikia vikombe. Tukasikia Kifaransa cha Uvira na Kifaransa cha shule ya Kijerumani. Kisha tukasikia kicheko, cha Mama Béa kwanza, kikubwa, halafu kingine chembamba ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Bibi aliburuta kiti chake mpaka ukutani.

"Wanacheka nini?"

"Sijui, Bibi. Ni Kifaransa."

"Wananicheka mimi."

"Labda."

Akalaza kichwa kwenye ukuta. "Natumaini wanafanya vizuri," akasema.

Jumapili iliyofuata Gerda alipiga kinanda kwenye kanisa la Mama Béa, kwa sababu kijana wao wa muziki alikuwa amehamia Cape Town. Bibi alitaka kwenda, na mimi nilimpeleka nikakaa naye viti vya nyuma. Ni ukumbi wa kukodi, juu ya duka la matairi, na kinanda kilikuwa cha umeme, chenye kitufe cha kupiga ngoma chenyewe. Gerda aliketi wima kabisa, akacheza nyimbo za kanisa taratibu kama zilivyo, na waumini wakazivuta, wakaziharakisha, wakazipigia makofi, mpaka yeye mwenyewe akaanza kuwafuata. Mama Béa alibonyeza kitufe cha ngoma. Gerda hakukizima. Niliposimulia kwa kunong'ona kila nilichoona, Bibi hakucheka. Alikuwa amefumba macho. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa amemsikia dada yake akipiga kinanda tangu ujana wao.

Mchana ule walikaa barazani, wao wawili, na wakaanza kusema. Gerda alisema kwa muda mrefu bila kupandisha sauti. Sikuelewa lugha, lakini jina la Walter lilirudi na kurudi. Jioni, nikimsaidia Bibi kukata viazi, aliniambia. "Nilidhani ana hasira kwa sababu watu walimcheka," akasema. "Anasema kuchekwa alizoea. Anasema kosa langu lilikuwa moja. Katika kitabu changu, mchumba hakuwepo. Nilikuwa na ruhusa ya kumfanya mjinga, au mwoga, au mlevi. Nilimfanya mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Na watu wote waliokumbuka Walter walipokufa, kilichobaki ni kitabu changu." Akaendelea kukata. "Nikamwomba aniambie alikuwaje. Kumbe alikuwa na baiskeli isiyo na breki. Kumbe alikuwa akiimba vibaya. Mimi niliishi naye mji mmoja, Zuhura, na sikumbuki kitu."

Siku chache baadaye alivaa shati safi, akashika ukuta wa koridoni mpaka mlango wa jirani, akabisha mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mama Béa alifungua nusu.

"Bibi, kama ni ile kitabu, uniache."

"Ni hicho hicho," Bibi akasema. "Lakini amefika."

"Nani?"

"Bwana wako. Nimemleta."

Mama Béa alisimama na mkono kwenye kitasa. Kisha akafungua mlango wote. Tuliketi kwenye kochi lake, chini ya kalenda ya kanisa, na Gerda na Solange wakaja kusikiliza. Bibi akasimulia. Papa Déo anapanda ngazi za jengo letu, anasimama kila ghorofa kupumua, kwa sababu amenenepa. Anabisha. Anaingia, anaona shati limetundikwa, jeupe, limenyooka, linaheshimiwa na mtaa mzima, na jambo la kwanza analouliza ni, "Hili shati la nani?" Analijaribu. Halifungi tumboni. Sasa wapangaji wako kwenye shida: mzee wa kanisa ni shati, na mwenye shati amekuja, na haliwezi kumwingia. Wanaitisha mkutano.

"Hapana," Mama Béa akasema.

Bibi akamgeuzia sikio.

"Hapana, hawezi kuuliza shati mbele. Atauliza redio. 'Béa, redio iko wapi?' Hata nyumba ikiungua atauliza redio."

"Haya," Bibi akasema. "Anauliza redio."

"Na haketi. Anasimama kwa mulango na kofia kwa mukono, kama mugeni, mpaka umuambie aketi. Kwake mwenyewe!" Mama Béa alikuwa ameanza kucheka. "Na ngazi hawezi kusema imemuchosha. Atasema hii ngazi wamejenga mubaya."

"Wamejenga vibaya," Bibi akasema, bila kufikiri, kisha akaziba mdomo.

"Mubaya, vibaya. Atasema." Alikuwa akicheka na kujifuta uso kwa kanga. "Njo alikuwa hivyo. Alikuwa hawezi kukubali kama amechoka."

Solange alimtazama mama yake, nami nikamtazama Solange. Mama yake alikuwa amesema *alikuwa*. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumsikia akilisema neno hilo kuhusu mumewe. Hakuna aliyelitaja. Mama Béa akaendelea, na Bibi akaendelea kuuliza, anakula nini, anasemaje akikasirika, na mpaka jua linashuka yule mtu alikuwa chumbani pamoja nasi, mnene, mbishi, anatafuta redio yake.

Watu wakisikia habari hii hupenda niwaambie kwamba Mama Béa aliacha kunyoosha lile shati. Hakuacha. Alilinyoosha miaka mingi, mpaka kola ilipokatika. Lakini hakusema tena mwezi ujao, na sombe ilirudi Jumapili. Mwishoni mwa mwaka Bibi alikubali kwenda kuishi na dada yake, kwa kuwa kingo nazo zilikuwa zinaanza kuingia giza. Alipoondoka, Mama Béa alivuta godoro langu kupitia koridoni kabla sijaomba, akasema kitanda cha Solange kinatosha wawili. Kitabu kilitoka baadaye. Mwalimu wangu mmoja aliyesoma Ujerumani aliniambia wakosoaji walikisema: bibi kizee amepoteza meno, eti sura za mwisho zinamhurumia kila mtu. Bibi alikufa miaka michache baadaye, na Gerda ndiye aliyenipigia simu.

Ninalokumbuka zaidi ni uwanja wa ndege. Gerda alikuwa mbele, akipima mizigo, na Bibi alinishika mkono akanivuta karibu.

"Zuhura, mtazame Gerda. Mimi sioni tena ila vazi lake. Niambie amezeeka vipi. Usimhurumie."

Nikamtazama. "Nywele zimepungua utosini," nikasema. "Kidevu kimekuwa kirefu. Miguu imevimba ndani ya viatu. Anabishana na yule kijana wa mizigo, na kijana anacheka."

"Endelea."

"Mdomo umekunjamana upande mmoja, kama mtu anayezuia kicheko."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Huo ni wa mama yetu," Bibi akasema.

Gerda alirudi na tiketi, akaniuliza kwa Kiingereza tunasema nini. Bibi akamjibu kwa Kijerumani, na nilijua amemwambia, maana Gerda alimpiga kofi dogo begani. Kisha aliweka mkoba chini. Akamshika mdogo wake kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha kubwa, na akaanza kumwelezea ulivyo, taratibu, kidole kikishuka kutoka paji la uso mpaka kwenye jicho, kutoka jichoni mpaka shavuni, na kwa kila kovu na kila kunyanzi alikuwa na neno. Sikuelewa hata moja. Watu walitupita na mikokoteni yao. Bibi alisimama amefumba macho, hakutania, hakumkatiza, mpaka dada yake alipomaliza.